Ukiwa na VVU na homa ya ini, usiache kidonge

Naishi Ujiji, Kigoma, nauza dagaa soko la Kibirizi, na ninaishi na VVU. Hilo wengi mnalijua. Nisilowahi kuliandika ni kwamba nina homa ya ini aina ya B pia. Naandika leo kwa sababu ya dada mmoja tunayepanga naye meza sokoni, ambaye naye ana vyote viwili, na mwaka huu nusura tumzike.

Alivuka ziwa kwenda Kalemie, upande wa Kongo, kibiashara, mambo yakamkwamisha huko, vidonge vikaisha. Kipimo chake cha mwisho kilikuwa kizuri, virusi havionekani, basi akaona kupumzika kidogo si neno. Aliporudi macho yalikuwa ya njano, mkojo mweusi kama chai ya rangi, chakula hakipiti. Sokoni wakasema karogwa. Niliumia sana kusikia hivyo, maana siku zilikuwa zinapotea.

Hakurogwa. TLD tunayomeza wengi wetu ni dawa tatu ndani ya kidonge kimoja: tenofovir miligramu 300, lamivudini 300, dolutegravir 50. Tenofovir na lamivudini zinazuia VVU, na hizohizo zinazuia virusi vya homa ya ini B. Kwa hiyo mwenye vyote viwili akiacha, ameviachia vyote viwili. VVU huchukua muda kukuangusha. Vya ini vinaweza kulipuka ndani ya wiki au miezi michache, na ini likashindwa kazi kabisa.

Ndiyo maana nakusihi ujue hali yako. Ukienda CTC, kliniki yetu ya dawa za VVU, uliza: nimepimwa homa ya ini B? Ni damu kidogo tu. Jibu liandikwe kwenye faili lako. Na siku ukibadilishiwa dawa, labda kwa ajili ya figo, mkumbushe daktari kwamba una B, asiondoe tenofovir bila kupanga dawa nyingine ya kulilinda ini. Lamivudini ikibaki peke yake haitoshi, virusi huizoea. Usione haya kumkumbusha, foleni ni ndefu na yeye ni binadamu.

(Aina ya C ni habari nyingine: ina vidonge vinavyoiponya, mara nyingi kwa wiki 12. B bado tunaituliza tu.)

Watoto wa Tanzania wanapata chanjo ya B kliniki tangu mwaka 2002. Sisi tuliozaliwa kabla ilitupita. Mume wangu alipimwa, akakutwa hana, akachomwa sindano tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi, ya tatu miezi sita tangu ile ya kwanza. Mwambie mwenza wako naye aende.

Wavuvi wangu, ninyi mnanitia wasiwasi zaidi. Zikiingia siku za giza, usiku usio na mwezi, mnahamia kambini, mnarudi mbalamwezi. Chukueni dawa mkiwa nchi kavu, za kutosha na za akiba, na kadi ya CTC msiiache nyumbani. Na wembe wa kambini kila mtu awe na wake, kwa kunyoa na kwa chale, kwa sababu B hupita kwenye damu, kwenye ngono, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaa.

Kwenye sahani haipiti. Yule dada amerudi kwenye dawa, macho yameanza kuwa meupe, na mchana tunakula ugali na migebuka sinia moja. Anayetaka kujua zaidi aje mezani kwetu, aulize.