Niliishia la saba, leo niko chuo hapa hapa Tabora

Tabora yetu inakua na imejaa vyuo jamani, kuna Utumishi wa Umma ambacho wazee bado wanakiita Uhazili, yaani kazi ya ukatibu wa ofisi, kuna Ardhi, cha ufugaji Nyuki, VETA, AMUCTA ambacho ni chuo kikuu kishiriki, Chuo Kikuu Huria nao wana kituo, watu wanafunga safari toka mikoa ya mbali kuja kusoma kwetu halafu sisi wenyeji wa Ng'ambo na Isevya kazi yetu kuwapangisha vyumba. Hilo lilikuwa linaniuma sana. Mimi niliishia la saba, nikaolewa, nikawa nauza michembe na karanga pale soko la Kachoma, na nilikuwa najua chuo ni cha watoto waliofika form four basi.

Aliyenifungua macho ni dada mmoja mteja wangu, mwalimu wa jioni. Akaniambia mama nanihii, wewe anza na QT, ule mtihani wa maarifa wa NECTA, yaani Baraza la Mitihani, ni wa watu kama wewe ambao hawakupita sekondari, ukifaulu ndo unaruhusiwa kufanya form four kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nikamuuliza na umri huu? Akasema hawaulizi umri.

Nikaanza tyusheni ya jioni. Shida kubwa haikuwa hesabu wala muda, ilikuwa kingereza, maana la saba tulisoma kila kitu kwa kiswahili halafu huku baiolojia kingereza, historia kingereza, civics kingereza. Nilichofanya nilinunua kaunta buku nikapiga mstari katikati ya kila ukurasa, upande huu naandika notsi kama zilivyo, upande wa pili mwalimu akieleza kwa kiswahili naandika nilivyoelewa mimi, basi hiyo kaunta buku nilikuwa nayo chini ya meza ya biashara, mteja akiondoka nafunika upande mmoja naanza kujiuliza mwenyewe. Jumamosi asubuhi naenda maktaba ya mkoa kufanya pasti pepa, pale kumetulia, nyumbani na watoto huwezi.

QT nikapita, baadae form four nayo nikapita. Kuna ofisi moja nilienda kuuliza mambo ya chuo, jamaa akaangalia namba yangu ya mtihani inaanza na P, ndo alama ya mtahiniwa wa kujitegemea, akasema hii ya mitaani, akanirudishia karatasi hata hajasoma matokeo. Niliumia kwa kweli, na sio haki, mtihani ni ule ule wa NECTA, siku ile ile, swali lile lile. Nikaenda mwenyewe chuoni kuuliza, kule wakaangalia D zangu tu, walitaka nne na somo la dini halihesabiki, mimi nilikuwa nazo za kutosha. Saa hizi niko astashahada ya uhazili, nachapa bila kuangalia vidole.

Kwa mama au baba mwenye la saba anayesoma hapa: usajili wa mitihani unafanyika mwanzoni mwa mwaka na mtihani ni Novemba, ukichelewa unalipa na faini, kwahiyo pesa ya usajili anza kuiweka pembeni mapema. Ukilipa, lipa kwa kontrol namba, usimpe mtu keshi mkononi. Na kituo cha tyusheni, kabla hujatoa hata mia waulize mwalimu wa kingereza ni nani na anafundisha siku zipi.