Noti ya Elfu Hamsini

Msabato aliyelelewa Majita hujua jambo moja kabla hajajua kusoma: Ijumaa jua likizama uwe umeoga, viatu vimeng'arishwa, maji yamejaa pipani. Mama yangu asingevumilia kuona nilivyofungua Sabato ya wiki ile, gizani, juu ya bodaboda, nje ya mji wa Mbale, Uganda, nikibishana bei.

Lawama nyingine ni ya basi, lililotukalisha Kisii kwa muda wa saa tano likisubiri kipuri. Nyingine ni ya kijana wa kubadilisha fedha pale mpakani Busia. Alihesabu noti mbele yangu mara mbili, akazikunja, akanipa, akanitakia safari njema kwa Kiswahili kizuri kuliko changu. Nilipozihesabu tena ndani ya teksi ya Tororo (kwa Waganda daladala ndiyo teksi), noti mbili za elfu ishirini zilikuwa zimeyeyuka. Nikashuka kumtafuta. Sikumpata, na teksi ikaondoka na siti yangu. Ndivyo nilivyofika Mbale kiza kimeshaingia, na mwenye boda akanitajia elfu kumi na tano kwa safari ambayo mchana, nilikuja kuambiwa, haizidi elfu tano.

Nilikuwa nakwenda kilima cha Nabugoye, kwa Abayudaya. Ni Wayahudi wa Uganda, na jina lao kwa Kiganda maana yake ni hiyo tu, Wayahudi. Kanisani kwetu nimefundishwa habari za Sabato ya Wayahudi tangu nikiwa mtoto, bila kumwona Myahudi hata mmoja akiishika. Niliposikia wapo Waafrika wanaoishika, na wako siku moja na nusu tu kutoka Musoma, nikaandika barua pepe kuomba kuwatembelea. Sinagogi haiendewi kama kanisa, unaamka asubuhi unavaa suti unaenda. Wanataka kujua nani anakuja, na kwa hali ya dunia ilivyo siwezi kuwalaumu. Walinijibu baada ya siku mbili: karibu, ila jitahidi ufike kabla ya machweo.

Sikufika kabla ya machweo. Nilipiga simu njia nzima, ikawa inaita mpaka inakata. Ni baadaye nilipoelewa kwamba Sabato yetu na yao zinaanza jioni ile ile, ila ya kwetu ina betri.

Boda akasimama kwenye nyumba ambayo niliambiwa nitapokelewa. Dirishani kulikuwa na mwanga, na watu walikuwa wanazungumza ndani. Nikasogea mlangoni.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Mazungumzo yakakatika ghafla, kama redio iliyochomolewa. Nikarudia kwa sauti zaidi, nikiongeza kwamba mimi ni mgeni kutoka Tanzania. Kimya. Mwenye boda, ambaye alikuwa bado anangoja hela yake, akacheka chini kwa chini. "Sema koodi," akanishauri. Nikasema koodi. Mlango ukafunguliwa na mama mmoja mnene mwenye kitambaa cheupe kichwani, akanitazama, akatazama begi langu, na uso wake wote ukafunguka. "Kulikayo! Tusanyuse okukulaba." Pole na safari, tumefurahi kukuona.

Sasa ikaja shughuli ya kumlipa boda. Nilikuwa na noti moja ya elfu hamsini, yeye hakuwa na chenji. Nikamgeukia mwenyeji wangu: mama, naomba unisaidie kuivunja. Mama akarudisha mikono nyuma, akaishika huko mgongoni, huku akitabasamu kama mtu aliyeombwa ashike nyoka na hataki kumuudhi mwenye nyoka. Mwenye boda ndiye aliyenieleza. "Hawa leo hawagusi pesa mpaka kesho nyota zitoke. Nitakuja kesho usiku."

Nikamuuliza ataniaminije. Akaniuliza nitakimbilia wapi saa hizi bila boda. Akawasha pikipiki, akashuka mlima.

Siku nzima kila mtu alikuwa amenyoosha mkono kwangu, toka mwenye choo cha Sirari hadi yule mwizi mstaarabu wa Busia. Usiku ule nikawa nimesimama sebuleni kwa watu nisiowajua na noti mkononi, na hakuna aliyeitaka. Nikaikunja nikaiweka kwenye soksi, kwa mazoea.

Kabla ya chakula tulipanga foleni kunawa, maji yanamiminwa kwa kikombe chenye vishikio viwili, mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Nikanawa, nikakaa, nikamuuliza kijana aliye jirani yangu yeye anafanya kazi gani. Akaniangalia tu. Nikamuuliza mwingine. Akatoa mguno, "mm-mm", akaonyesha mkate. Nilidhani nimekosea adabu, labda nimenawa vibaya. Kumbe ukishanawa husemi neno mpaka mkate ubarikiwe na uutie kinywani. Mzee wa nyumba alipokata na kutugawia, wote wakalipuka kucheka kwa pamoja na kunijibu kwa pamoja: mmoja mwalimu, mmoja fundi magari.

Hilo lilikuwa dogo. Baada ya kula nilitoka kwenda msalani. Nilipokuwa narudi, kwenye korido, nikaona taa zimewaka ovyo, ya korido, ya jikoni ambako hakuna mtu. Mimi ni mtoto wa nyumba yenye LUKU. Nimechapwa kwa kuacha taa inawaka. Swichi zilikuwa mbili pamoja ukutani, nikazizima zote kwa kiganja kimoja, nikajiona mgeni mwenye heshima zake. Nyumba nzima ikaingia giza, hadi sebuleni. Zikabaki ncha mbili za mishumaa mezani.

Nikasikia mtoto akivuta pumzi. Hakuna aliyeinuka. Nikasema samahani, nikidhani mtu atakuja kuwasha. Hakuna aliyekuja. Tukakaa. Mzee akakohoa, akasema kwa Kiswahili chake cha Uganda, bila kumtazama mtu, "Sebuleni kumekuwa na giza." Nikakubali kwamba kweli kumekuwa na giza. Mama akasema, "Na sahani hazijaondolewa." Nikakubali na hilo. Mshumaa mmoja ukazimika. Fundi magari akaziba mdomo kwa kofia yake, mabega yanamtikisika.

Mimi ni Mswahili, nimelelewa kwa mafumbo, mama mkwe wangu anaweza kuniambia kuku wamekonda na nikajua natakiwa kutoa hela ya mboga. Usiku ule fumbo lilinipita mara mbili. Kuwasha taa kwao ni kuwasha moto, hawafanyi siku ya Sabato, na hawaruhusiwi hata kumwomba mgeni awafanyie. Ndiyo maana taa ziliachwa zinawaka toka Ijumaa mchana. Mara ya tatu mzee akasema, "Wasabato wa Tanzania nimesikia ni watu wanaopenda mwanga," na hapo ndipo nikainuka nikapapasa ukuta.

Taa ziliporudi mzee ndipo alipotaka kuzungumza. Akaniomba radhi kwa ule ukimya wa mlangoni. Enzi za Idi Amin dini yao ilipigwa marufuku. Waliokuwa kama elfu tatu wakaishia watu mia tatu hivi walioendelea kusali kwa siri, wengine wakabadili dini au majina. Na Kiswahili Uganda wakati huo kilikuwa lugha ya askari. "Kiswahili kikibisha usiku," akasema, "hatufungui. Mimi ni mtu mzima, najua Amin alishakufa. Lakini sikio halijaambiwa."

Nikanyamaza. Akaendelea.

"Halafu mkaja nyinyi. Na nyinyi mlikuwa mnasema Kiswahili."

Kampala iliangukia mikononi mwa jeshi la Tanzania na Waganda waliokuwa nalo tarehe 11 Aprili 1979. Tarehe hiyo tunaijua. Nilichokuwa sijui ni kwamba jioni ile ile Wayahudi walikuwa wanaingia Pasaka, sikukuu ya kutoka Misri. Wazee wa Nabugoye hawajaisahau bahati hiyo, na wala hawaiiti bahati. Akaniuliza kama kwetu alikwenda mtu. Nikamwambia baba yangu mdogo alikwenda. Akarudi na mguu mmoja mfupi. Katika miaka yote niliyomjua, habari aliyotupa ya vita ile ni moja: Kampala palikuwa na mvua.

Mzee akatikisa kichwa taratibu. "Ni kweli," akasema. "Ilinyesha."

Jumamosi naipitisha haraka. Sinagogi yao kubwa ilifunguliwa 2016, mwaka ambao rabi wao, Gershom Sizomu, alichaguliwa pia kuwa mbunge wa Bungokho Kaskazini. Zaburi zinaimbwa kwa Kiganda na Kiebrania kwa sauti ambazo ungeapa ni kwaya ya mtaani kwetu. Nilikuwa nimejiandaa kusimama. Kwetu mgeni husimamishwa, hutaja jina na anakotoka, husalimia kwa niaba ya kanisa lake, na kabla hajamaliza chai keshaandikishwa darasa la ubatizo. Hotuba yangu niliitunga njiani. Haikuhitajika. Kulikuwa na mtoto wa miaka minane hivi aliyekaa kando yangu. Kwanza alinigeuzia kitabu, maana nilikifungua upande usio wake, kisha kila ukurasa ulipogeuzwa akanyoosha kidole kuonyesha tulipo. Saa tatu nzima. Hakuniuliza jina.

Wala hakuna aliyenishawishi nijiunge. Nilikutana na kijana aliyekuja hapo kujifunza, mwaka wa pili sasa, bado hajapokelewa rasmi. Nikamuuliza haoni wanamchelewesha. Akasema wanaomfundisha nao walisubiri: Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda, alijitahiri yeye na wanawe mwaka 1919 baada ya kusoma Agano la Kale, na walimu wao wa kwanza wa kalenda na uchinjaji hawakuwa jopo la wakubwa, alikuwa mpita njia mmoja, Myahudi aitwaye Yosefu, aliyekaa nao miezi kama sita kisha akaenda zake. Marabi wa nje walikuja kuwapokea mamia yao rasmi mwaka 2002. Na Israeli imewahi kumkatalia mmoja wao kuhamia kule. "Sisi mlangoni tumepazoea," akasema.

Nyota tatu zilipotoka wakawasha mshumaa uliosukwa kama nywele, wakanusisha viungo, wakauzima mshumaa ndani ya divai. Moshi haujaisha pikipiki ikasikika inapanda. Mama akachukua noti yangu toka mkononi kabla sijaitoa vizuri, akaivunja, akahesabu mara moja. Sikuzihesabu tena. Boda akachukua elfu kumi na tano zake. Nikamwambia bei ya mchana naijua sasa. Akasema lakini amekuja mara mbili, na hilo sikuwa na jibu lake.

Asubuhi mzee alinipa mfuko wa kahawa, ya miteremko ya Elgon, nimpelekee baba mdogo. Busia wakanitoza ushuru ambao sijaambiwa hadi leo ni wa nini.

Baba mdogo aliipokea akiwa barazani. Akainusa, akauliza imenigharimu kiasi gani. Nikamwambia amepewa bure, na aliyempa ni nani, na kwa nini. Alikaa kimya muda mrefu, amenyoosha ule mguu mfupi kwenye kigoda. Kisha akamwita mjukuu, akamwambia apeleke maji jikoni, na kwamba yeye anataka sukari vijiko vitatu.