Siku moja maishani mwangu: "anaweza" na "ni wajibu wake"

Saa kumi na moja alfajiri. Nimeamka kabla simu haijalia, kwa kuwa leo ndiyo siku ya mwisho ambayo kamati ya bunge inapokea maoni ya wananchi kuhusu muswada wa sheria ya mabadiliko ya tabianchi, na kifungu cha saba kimeninyima usingizi kwa juma zima. Kinasema: "Waziri anaweza kuweka malengo ya kupunguza gesijoto," yaani gesi zinazoongeza joto duniani. Anayeweza kuweka malengo anaweza pia kutoyaweka, na hakuna mahakama itakayomwita aeleze.

Wapo wanaotuambia sisi wa kikundi cha tabianchi kwamba tunabishania maneno. Hao mimi huwakumbusha Desemba 12, 2015, siku ambayo Makubaliano ya Paris, mkataba wa mataifa kuhusu tabianchi, yalikaribia kukwama katika saa za mwisho kwa sababu ya kitenzi kimoja tu: ibara ya 4 ilikuwa imetumia neno la kulazimisha mahali ambapo Marekani ilitaka neno la kuhimiza, na mambo hayakusonga mpaka neno hilo lilipobadilishwa. Chini ya Makubaliano hayo kila nchi mwanachama hutakiwa kuandaa mchango wake wa kitaifa, yaani ahadi yake ya kupunguza gesijoto, na kuwasilisha mwingine kila baada ya miaka 5, lakini hailazimiki kisheria kufikia kiwango ilichokiahidi. Pengo hilo likizibwa, litazibwa na sheria ya nchi yenyewe, na ndiyo sababu kazi yetu iko mitaani na bungeni kuliko kwenye mikutano ya kimataifa.

Saa mbili asubuhi. Tunapanga karatasi za saini sakafuni. Maoni ya maandishi mwisho wake ni leo, ila ombi la wananchi, linalodai malengo hayo yawe ya lazima, litawasilishwa siku muswada utakaposomwa mara ya pili, kwa hiyo bado tunakusanya. Karatasi 6 tumezitoa wenyewe: mtu alizirudufu bila maelezo ya ombi sehemu ya juu, na saini isiyo na maelezo juu yake haithibitishi kwamba aliyetia saini alijua anachokiunga mkono. Inauma kuziweka kando. Mojawapo ina alama ya dole gumba ya mtu asiyejua kuandika, wino umekolea hadi unaonekana upande wa pili, na jina lake limeandikwa pembeni kwa mwandiko wa mtoto. Tutamrudia.

Saa tatu na nusu. Tunaingia mitaani wawili wawili. Leo nimepangwa na kijana ambaye ni mara yake ya kwanza. Namwambia asianze na nyuzijoto wala asitaje 2050, mwaka unaotajwa sana katika malengo ya gesijoto, mpaka aulizwe, bali aanze kwa kumwuliza mwenye nyumba ni jambo gani la hali ya hewa limebadilika tangu utoto wake, kisha anyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu. Milango mitatu ya kwanza inapita upesi: mmoja anatia saini bila kusoma, jambo ambalo halinifurahishi, na wawili hawana nafasi.

Mlango wa nne unafunguliwa na mama wa makamo aliyekuwa akikunja nguo alizotoka kuanua. Anaipokea karatasi, anaisoma yote akifuata kila mstari kwa kidole, halafu ananitazama.

"Mwanangu, hayo malengo wasipoyatimiza, nani ataulizwa?"

Nikaanza kumweleza habari za wajibu wa waziri, kisha nikanyamaza, kwa maana jibu halimo kwenye karatasi yetu. Tulikuwa tumedai malengo yawe ya lazima. Hatukuwa tumedai lolote kuhusu siku yatakapokosa kufikiwa. Nikamwambia hivyo hivyo. Akanirudishia kalamu bila kutia saini.

"Basi liandike kwanza hilo, mwanangu. Mkishaliandika mje."

Kijana wangu alivunjika moyo. Nilimweleza kwamba katika asubuhi nzima hakuna aliyetusaidia kama mama yule, na sikuwa nikimliwaza.

Saa nane mchana. Mbunge wetu ametupa dakika 20. Ni msikivu, lakini anaanza na hoja niliyoitarajia, kwamba gesijoto tunayozalisha ni kidogo na sheria kali itatuumiza sisi wakati wakubwa wanaendelea.

"Mheshimiwa," nikamwambia, "Vanuatu ina watu wapatao 300,000. Mwaka 2019 wanafunzi 27 wa sheria huko walianza kuzishawishi serikali za visiwa vya Pasifiki kwamba suala hili lifikishwe Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Machi 2023 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaridhia, na Julai 23, 2025 majaji wote kwa kauli moja wakatoa maoni kwamba mataifa yana wajibu wa kisheria wa kulinda mfumo wa tabianchi. Nchi ndogo ndiyo iliyozisimamisha kubwa."

Hakubisha, wala hakukubali. Alichosema kilikuwa na manufaa zaidi: "Mkiniletea maneno ya kifungu, nitayasoma mbele ya kamati. Mkiniletea kilio, nitawapa pole." Nimewahi kukutana na wanaharakati wanaochukizwa na kauli kama hiyo. Mimi naiona ya haki, kwa kuwa kamati hurekebisha maandishi, na asiyeleta maandishi huwaachia wengine kazi ya kuyaandika.

Saa kumi na moja jioni. Kikao cha kikundi. Tunabishana kwa zaidi ya saa nzima, na ubishi wenyewe ni wa maana: nusu yetu wanataka tudai lengo moja tu la 2050, ambalo mwananchi atalikumbuka kwa urahisi, na nusu wanataka ukomo wa gesijoto wa kila miaka 5. Nasimama na hao wa pili. Mwaka 2050 haumnyimi usingizi waziri yeyote aliyeko madarakani leo, na mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Ujerumani iliirudisha sheria ya nchi hiyo kwa sababu haikufafanua vya kutosha upunguzaji wa baada ya 2030, ikiwasukumia vijana mzigo wa kesho. Kisha nikawasomea swali la mama wa mlango wa nne. Baada ya hapo ubishi ulitulia, kwa sababu lengo la mbali halina namna ya kulijibu, na ukomo wa miaka 5 unayo.

Saa tatu usiku. Naandika. Mfano niliouweka mbele yangu ni Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya Uingereza ya mwaka 2008, ambayo haisemi waziri anaweza; inasema ni wajibu wake kuhakikisha. Ukomo wa kipindi ukivukwa, analazimika kulieleza bunge sababu na kuwasilisha mapendekezo ya kufidia ziada hiyo katika vipindi vijavyo. Kifungu chetu cha saba sasa kinasomeka: "Ni wajibu wa Waziri kuweka ukomo wa gesijoto kwa kila kipindi cha miaka 5 na kuhakikisha hauvukwi." Chini yake nimeongeza kijifungu kipya: "Ukomo ukivukwa, Waziri atafika mbele ya bunge, ataeleza sababu kwa maandishi, na ataonyesha namna ziada itakavyofidiwa." Niliandika "atawasilisha taarifa", nikafuta. Mama yule aliuliza nani ataulizwa, na taarifa haiulizwi. Mtu ndiye huulizwa.

Saa tano na dakika kumi na mbili usiku. Maoni yametumwa, na karani wa kamati ameyapokea. Nakala nyingine imekwenda kwa mbunge. Nimechapisha ukurasa mmoja zaidi, wenye vifungu hivyo viwili kwa herufi kubwa, nikaubana pamoja na karatasi ya saini yenye mstari mtupu. Kesho saa tatu na nusu tutaanzia mlango wa nne.