Nilivyochagua spika na ampli kwa kusikiliza sauti ya mama

Mama yangu amepita miaka sabini, na jioni hupenda kukaa nasi sebuleni tutazame filamu. Kwa muda mrefu jioni zetu zilikuwa na swali moja la mama lisiloisha: "Papa, anasema nini?" (Papa ni mimi, mwanawe.) Namjibu, na wakati namjibu mtu mwingine ameshazungumza, basi nami nimepitwa. Mke wangu anaongeza sauti, zikianza risasi mtoto aliyelala anaamka, anapunguza, mama anauliza tena. Mwaka 2023 niliamua kulimaliza jambo hili.

Tulikuwa tayari na seti ya sinema ya nyumbani, ile inayouzwa yote kwenye boksi moja: sabufa, yaani spika kubwa ya besi, na spika tano ndogo za plastiki. Mbele imeandikwa wati 3000 PMPO. Siku moja niliigeuza kuipangusa vumbi, nikasoma kibandiko cha nyuma, pale waya wa umeme unapoingilia: 220 V, 50 Hz, 60 W. Nilikisoma mara mbili. Kifaa kinachovuta wati 60 ukutani kitazitoa wapi wati 3000? PMPO ni namba ya kuuzia tu, kila mtengenezaji anaihesabu apendavyo. Namba ya kutafuta ni RMS, yaani nguvu ambayo ampli (mashine ya kukuza sauti) inaitoa mfululizo bila kukwaruza, na kwenye seti ile haikuandikwa popote. Niliiuza dola 45 kwa kijana mwenye saluni, nikamwonyesha kibandiko kabla hajatoa hela. Pamoja na akiba yangu zikafika dola 280.

Tatizo la seti zile, nilikuja kulielewa baadaye, ni kwamba zinaikata sauti ya mtu vipande viwili. Spika ndogo namna ile haiwezi kutoa sehemu nzito ya sauti ya mwanaume, kwa hiyo sehemu hiyo inapelekwa kwenye sabufa iliyoko pembeni chini ya meza. Herufi zinatoka huku, kifua kinatoka kule. Mtu mwenye masikio mazuri anaziunganisha bila kujua. Mama hakuweza.

Nyumba yetu iko mtaa wa Majengo, hapa Goma, ni ya mbao juu ya msingi wa mawe, na sebule ina mita nne kwa tatu na nusu. Nyumba za mbao mnazijua. Ubao mwembamba hauzuii besi, unaipitisha, na njiani bati na kioo cha dirisha vinaimba nayo. Jirani upande wa kushoto alikuwa na mtoto mchanga. Kwa hiyo kabla sijatoka kwenda kutafuta nilikuwa nimeshajua mambo mawili: nataka spika zinazobeba sauti ya mtu nzima bila kuigawa, na sabufa itasubiri.

Kuhusu kununua spika tano au mbili, nilifikiri sana. Ni kweli kwamba katika mfumo wa 5.1, yaani spika tano na sabufa moja, maneno mengi ya filamu hutoka kwenye spika ya katikati, na mwenye hela na chumba kikubwa afanye hivyo. Lakini filamu nyingi tunazotazama sisi zimetafsiriwa, msimulizi mmoja anaongea juu ya sauti ya asili, na mafaili hayo huwa ya stereo. Njia mbili tu zimo ndani. Spika tatu za ziada zingekuwa zinarudia yale yale. Tena dola 280 ukizigawa kwa spika tano, risiva (ampli kubwa yenye redio) na sabufa, kila kimoja kitakuwa dhaifu. Ukizigawa kwa spika mbili na ampli moja unapata kitu.

Nilienda Birere kwa fundi mmoja mzee anayetengeneza redio na kuuza bafle za okazioni, yaani zilizotumika, kutoka Ulaya. (Bafle ndivyo tunavyoziita spika hapa, wa Dar na Nairobi mtuvumilie.) Kitu nilichobeba kilimshangaza kidogo. Usiku uliotangulia nilikuwa nimemrekodi mama kwenye simu, dakika tatu, akisimulia safari yao ya zamani ya Rutshuru. Muziki unaweza kukudanganya kwa sababu hujui mwanamuziki alisikika vipi siku ile studio. Sauti ya mama naijua tangu nizaliwe. Spika ikiibadilisha, nitajua.

"Mzee," nikamwambia, "nipigie hii kwenye kila moja."

"Kijana yangu, hapa watu wanakuja kutafuta besi."

"Mimi natafuta maneno."

Akacheka, akaunganisha. Jozi ya kwanza, kubwa mno, zilimfanya mama asikike kama yuko ndani ya pipa. Ya pili ilikuwa nzuri upande mmoja. Upande wa pili "s" na "sh" zilikuwa hazipo, "safari" inasikika kama mtu asiye na meno ya mbele. Fundi akapima kwa maltimita, kile kipimo cha umeme, ikasoma sawa. Hapo alinifundisha jambo ambalo nalipenda hadi leo: twita, ile ndogo ya juu, ina kapasita mbele yake, kijifaa kisichopitisha umeme wa betri ya kipimo, na maltimita inayopima omu (ukinzani wa umeme) haioni chochote nyuma ya kapasita. Twita inaweza kuwa imekufa na kipimo kikasema spika ni nzima. Dawa ni kusogeza sikio kwenye twita yenyewe na kusikiliza herufi za mluzi.

Jozi ya tatu zilikuwa spika za rafu, mbao ngumu, wufa (ile kubwa ya sauti nzito) ya sentimita 16. Mzingo wa wufa ulikuwa wa mpira, si wa sponji. Sponji ya miaka ishirini ukiibonyeza kwa kidole inamomonyoka kama mkate mkavu, na nilishaiona kwenye jozi nyingine pale pale. Fundi akachukua betri ya volti 1.5, ile ya rimoti, akaigusisha kwenye terminali, chanya kwa nyekundu. Wufa ikaruka mbele kidogo. Ya pili nayo ikaruka mbele. Maana yake nyaya za ndani hazijageuzwa. Maltimita ikasoma omu 6.1 na 6.0, ambayo ndiyo kawaida ya spika iliyoandikwa omu 8. Kisha akamweka mama. Nilisikia anavyovuta pumzi kabla ya kutaja jina la marehemu dada yake. Nililipa dola 110, baada ya kuanzia 140.

Nyuma ya spika hizo imeandikwa 88 dB, na namba hii watu wanaipuuza kuliko zote. Maana yake ni kwamba ukiipa wati moja, mtu aliyeko mita moja mbele yake anapata desibeli 88, kipimo cha ukubwa wa sauti. Mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Kila ukizidisha wati mara mbili unaongeza desibeli 3 tu, kwa hiyo kutoka wati 50 kwenda 100 hutasikia tofauti kubwa, ila mfuko utaisikia. Kochi letu liko mita mbili na nusu kutoka kwenye spika. Wati kumi za kweli kila upande zinatutosha na kubaki.

Ndiyo maana kwenye ampli sikuhangaika na mazito. Fundi alikuwa na risiva ya zamani ya Ulaya, nzuri, lakini inataka 220 V wakati wote na inapoteza nguvu nyingi kama joto. Sisi umeme unakatika, na tuna betri ya sola ya volti 12. Nilichukua ampli ndogo ya daraja D, aina isiyopoteza nguvu nyingi kama joto, saizi ya kitabu cha nyimbo, inayokubali volti 12 hadi 24. Kwa adapta ya volti 24 ina uwezo wa wati 30 na kitu kila upande kwa spika za omu 8. Ikila volti 12 za betri inashuka hadi kama wati 9. Kwa hesabu ya hapo juu, 9 zinatosha. Ampli dola 48, adapta 18. Waya nilinunua wa umeme wa kawaida, shaba tupu, milimita 1.5 za mraba, mita kumi kwa dola 12. Kwaruza ncha kwa kisu kabla ya kulipa, maana kuna alumini iliyofunikwa shaba nyembamba juu.

Usiku wa kwanza hakuna sauti iliyotoka. Televisheni yetu ina tundu la optiko, linalotoa sauti kwa mwanga, nami nilikuwa nimenunua kigeuzi kidogo cha dola 14 cha kuitoa optiko kuwa sauti ya kawaida. Taa inawaka, kimya. Mama amekaa, watoto wamekaa, nami jasho linanitoka. Nilifungua mipangilio ya sauti ya televisheni nikakuta imewekwa Dolby Digital, sauti iliyobanwa, ambayo kigeuzi cha bei hiyo hakiwezi kuifungua. Nikaweka PCM, ile isiyobanwa. Sauti ikatoka hapo hapo. Mwenye kifaa kama hiki aanzie hapo kabla ya kurudisha mali dukani. Bluetooth niliijaribu pia na kuiacha: mdomo unafunga, neno linafuata baadaye.

Kuzipanga ndiko kulikobadilisha mambo kuliko hela yoyote niliyotoa. Mwanzoni niliziegemeza kwenye ukuta wa mbao, na ukuta ukawa spika ya tatu, mbaya. Nikazivuta sentimita 40 mbele. Viti vya kuziwekea sikununua: nje kuna mawe ya volkano ya Nyiragongo ya kutosha. Nilipanga mawe meusi bapa hadi twita ikawa usawa wa sikio la mtu aliyekaa, na juu ya jiwe la mwisho nikalaza vipande vya mpira wa ndani wa tairi ya pikipiki ili spika isitetemeke wala kukwaruzika. Jiwe lile ni zito, halisogei mtoto akiligonga.

Mama hakai katikati. Kiti chake kiko kulia, karibu na mlango, na kwa sauti ya stereo mtu wa kulia husikia maneno yote yanatoka spika ya kulia. Nikazigeuza spika zitazame ndani zaidi, mistari yake ikutane mbele ya kochi, si nyuma yake. Kwa hiyo aliyeko kulia anatazamwa moja kwa moja na spika ya kushoto, huku ya kulia ikimpita mbele ya magoti, na maneno yanarudi kukaa kwenye televisheni. Nilisogeza kidogo, nikakaa kwenye kiti chake, nikasikiliza, nikasogeza tena. Ilichukua Jumapili nzima.

Jioni hiyo tuliweka filamu. Mama alinyamaza muda mrefu, nikadhani amesinzia. Kisha akasema, "Huyu mwanamke anamdanganya, na yule bwana anajua." Alikuwa amesikia kila neno.

Wiki mbili baadaye umeme ulikatika katikati ya filamu. Televisheni iko kwenye inveta, ikaendelea. Ampli nikaihamishia kwenye betri. Ukasikika mlio wa nyuki kwenye spika, kwa sababu kigeuzi na ampli vilikuwa vinakula chanzo kimoja. Nilikipa kigeuzi pawabenki yake ya simu, nyuki wakaondoka.

Nimebakiwa na dola 78. Mtoto wa kwanza anazitaka ziwe sabufa, na hajakosea: milipuko ya filamu ikitoka kwenye spika zetu ni myepesi mno. Lakini mtoto wa jirani sasa anatembea, bado analala saa mbili usiku, na ukuta ni ule ule wa mbao. Nimemwambia mwanangu kwamba tukipata kujenga kwa matofali tutarudi Birere pamoja, na yeye ndiye atakayeshika simu yenye sauti ya bibi.