Enka imevimba, tupige picha ya eksirei au tusipige?

Jamani uvimbe sio kipimo. Kila Jumapili kwenye ndondo mtu akitua vibaya enka ikaumuka, wa kwanza anasema hapo umevunjika, wa pili anataka maji ya moto, wa tatu keshashika mafuta ya nazi anataka kumchua, na hakuna hata mmoja aliyembonyeza mfupa.

Madokta wana utaratibu wao unaitwa sheria za Ottawa, ulitoka 1992 huko Ottawa, Kanada, kwa Dk Ian Stiell na wenzake, maana watu walikuwa wanapigwa picha za enka kibao na nyingi zinarudi mfupa mzima. Uvimbe haumo humo. Kuvilia damu pia hakumo. Unachofanya unachukua kidole unabonyeza ukingo wa nyuma wa mfupa, kwenye vile vinundu viwili cha nje na cha ndani, kuanzia nchani unapanda kama sentimita 6 hivi. Mfupa wenyewe ukiuma, picha. Ila akipiga kelele ukigusa pale mbele ya kinundu penye nyama laini, hiyo haihesabiki, hapo mara nyingi ni kano.

Halafu shuka kwenye wayo, watu wengi wanaparuka hapa. Ubavuni upande wa kidole kidogo, katikati, kuna mfupa unachomoza, bonyeza. Upande wa ndani mbele ya enka kuna mwingine, bonyeza na huo. Kipa wetu aliteguka, mguu haujavimba sana, anacheka na anatembea, nilivyogusa tu ule wa ubavuni akavuta mguu mpaka akanipiga teke la kidevu. Picha ikaonyesha ufa, akala hogo, yaani plasta.

La mwisho ni kutembea hatua nne. Kama hakuweza kuzikanyaga palepale uwanjani na hata hospitali bado hawezi, picha. Kuchechemea ruksa, hiyo nayo ni kutembea.

Akipita kote huko bila dalili, uwezekano wa kuwa kavunjika ni chini ya 2 kwa mia, hela ya picha nunua barafu na bandeji. Akifeli haina maana kavunjika, wengi wanaofeli mfupa unakutwa mzima, ila hapo usibishane, nenda.

Sasa msije mkampima mlevi, maana haumwi kitu yule mpaka asubuhi, wala mwenye kisukari aliyekufa ganzi miguu, na mtoto mdogo mwachieni daktari. Mguu ukipinda, mfupa ukitoka nje au vidole vikiwa vya baridi havina hisia, hakuna cha kuhesabu hatua, bodaboda hapana, tafuteni gari. Na uliyeambiwa ni kano tu, wiki ikiisha bado hukanyagi, rudi wakuangalie upya.