Siku yangu kwenye feri: macho, masikio na miguu

Saa 12 asubuhi. Luanda Kotieno, gati la Kenya kwenye Ziwa Victoria, maji yametulia. Kazi yangu ni kufunga kamba, kupanga magari sitahani na kuangalia abiria. Safari ya kwanza kwenda Mbita haina habari.

Saa 4. Akina mama na magunia ya omena. Kelele nyingi, hatapiki mtu.

Saa 8 mchana. Upepo umeamka, mawimbi yameanza. Kijana mmoja amejifungia garini, macho kwenye simu. Anapiga miayo, jasho linamtoka, mate yanamjaa kinywani. Najua kinachofuata.

"Omera, toka humo. Njoo utazame milima ya Gembe."

Ndani ya sikio kuna mirija mitatu yenye majimaji inayohisi kichwa kikizunguka, na vijiwe vidogo mno vya chokaa vinavyohisi kuinama na kuinuka. Sikio lake linasema tunayumba, macho yaliyo kwenye simu yanasema tumetulia; ugomvi huo, wasema wengi, ndio huleta kichefuchefu cha safari. Mlima angalau unayapa macho habari ileile ya sikio.

Kisha miguu, ambayo wengi huisahau. Nikamwambia aitanue, alegeze magoti, asijikaze. Mwaka 1991 watafiti Gary Riccio na Thomas Stoffregen walitoa hoja kwamba kichefuchefu hiki hutokana na mwili kuyumba kwa muda mrefu bila kuweza kujiweka sawa, wala si ugomvi wa macho na sikio. Wataalamu bado wanabishana. Mimi, kwa ninayoyaona sitahani, siwezi kuwapuuza hao wawili.

Tena fikiria: ukitembea, kichwa hupanda na kushuka kila hatua, lakini nani amewahi kutapika kwa kwenda sokoni? Hatua ni zako, ubongo unazijua kabla hazijatua. Ndiyo sababu nahodha wetu, kama dereva wa matatu, hasumbuki sana. Anajua feri itageukia wapi.

Saa 11 jioni. Nyanya mmoja anashuka Mbita akipepesuka. "Mjukuu wangu, ardhi inacheza!" Namshika mkono. Ubongo wake bado unayajibu mawimbi ambayo hayapo. Akitembea taratibu, kwa kawaida hupita.

Saa 12. Dereva wa pikapu ananiomba dawa ya kuzuia kutapika, lakini tayari ameshatapika. Kidonge humezwa kabla ya safari, nusu saa hadi saa nzima, na vingi huleta usingizi. Mtu anayeendesha usiku huu asivimeze kabisa. Nikamwonyesha anakouza mama wa chai ya tangawizi.