Herufi moja kwenye ubeti wa bibi

Juzi tulikuwa tukitoa nguo za marehemu bibi kwenye kasha, nyumbani Langoni, Lamu. Chini kabisa, katikati ya leso mbili mpya ambazo hazijawahi kuguswa na maji, palikuwa na mkadi, lile ua la kunukia, uliokauka na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ndani yake ubeti mmoja, kwa herufi za Kiarabu, wino umegeuka kahawia. Jina hakuna. Mwandiko wa babu ninaujua kutoka daftari zake za jahazi, umelala. Huu umesimama wima.

Nikausoma kwa kidole, kama mtoto wa chuo cha Kurani:

Asumini wa uani, harufu naitambua,
Hunijia dirishani, kama upepo wa mvua,
Na kikuba kifuani, nani alokifungua?
Nanga iko mkononi, kwako moyo naut...

Hapo tukakwama. Nautua au nautoa? Hati ya Kiarabu ina irabu tatu, Kiswahili kina tano. Alama ya dhamma na herufi wau, zilezile, hubeba o na u. Mwana Kupona alipomtungia bintiye utendi mwaka 1858 aliandika kwa hati hiyohiyo, na msomaji hapotei, maana maneno mengi hujieleza yakiwa na wenzake. Hili halijielezi. "Kwako moyo nautua": mtu amefika, ametua mzigo wake kwa bibi. "Kwako moyo nautoa": huenda anampa, huenda anauondoa aende zake. Na ile nanga! Nanga iliyo mkononi ama ndiyo yaenda kushushwa, ama imetoka majini sasa hivi, bado inachuruzika.

Ami yangu, anayesomesha madrasa, hakusita.

"Tazama vina, mwanangu. Tambua, mvua, fungua. Hiyo toa itaingilia wapi?"

Nikamwambia ule ni mstari wa mwisho, na kituo washairi wengi hukipa kina chake.

"Huyu hakuwa wengi," akasema. "Alikuwa mmoja."

Mama alikuwa akikunja leso, vina havimhusu. Yeye alishika kikuba. (Kwa walio bara: ni asumini, rehani na vipande vya mkadi, vinafungwa pamoja, mwanamke anakiweka kifuani. Bibi alikuwa akivifunga jioni, na vidole vyake vilinukia mpaka asubuhi.) "Mwanamume akishauliza nani amekifungua," mama alisema, "hapo hatui mtu. Huyo ana wivu, na safari ameshaifunga."

Mimi mstari ule nilikuwa nimeuona kama maneno ya mtu aliyeleweshwa na harufu: kikuba kimefunguka wapi hata kinifikie mimi huku? Nilipolisema hilo mama alinitazama kidogo, akachukua leso nyingine.

Kitu kimoja sikuwaambia. Karatasi imechakaa kwenye mikunjo yote, lakini mkunjo wa chini, unaopita kwenye neno lile, umekatika kabisa. Kama palikuwa na alama ndogo ya kutusaidia, imekwenda na uzi wa karatasi.

Usiku nikataka kuwatumia binamu zangu kwenye kundi la familia, kwa herufi za Kirumi. Kumbe herufi hizi zina udikteta wake, hazikuachi uandike bila kuchagua. Nikaweka kistari: naut-a.

Haikupita dakika, binamu wa Mombasa akajibu: "Umeruka herufi."